Betri Zilizoanikwa Juani

Ukipata nafasi ya kuzungumza na mzee aliyekulia Bondeni, ule mtaa wa zamani wa mji wa Nakuru, mwamkie kwa heshima, kisha umuulize swali moja dogo: zamani, betri za redio zilipokwisha nguvu, watu walifanya nini? Yamkini atatabasamu kabla ya kukujibu. Atakueleza kwamba asubuhi, jua lilipoanza kuwaka, betri zilitolewa ndani ya redio, zikapangwa juu ya bati au juu ya jiwe, zikaachwa hapo hata alasiri. Jioni zilirudishwa mahali pake, na ile redio, ambayo usiku uliotangulia ilikuwa ikisema kwa sauti ya mgonjwa, ilipata nguvu ya kutosha kuwasomea watu taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Halafu ilizimwa mara moja, kwani hapakuwa na mtu aliyekubali kupoteza betri kwa muziki siku zile za mwisho wa mwezi.

Desturi hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Nguvu ya betri hutokana na kemikali zinazotenda kazi baina yao, na joto huihimiza kazi hiyo. Tena betri iliyopumzika kwa saa kadhaa hujipatia nguvu kidogo hata pasipo jua. Jua halikutia umeme mpya ndani ya betri hata chembe. Lilikamua tu yale matone ya mwisho yaliyosalia, kama mtu akamuavyo chungwa lililokwisha kunyonywa. Wengine waliibana betri kwa meno kwa nia hiyo hiyo, mpaka ganda lake likabonyea, na kweli ilifaa kwa dakika chache.

Nimeanza na jambo hili, ewe msomaji, kwa kuwa ndani yake mna habari kubwa kuliko inavyoonekana. Kila aina ya betri iliyoingia katika nchi zetu ilikuja na sheria yake yenyewe. Lakini sisi watu, tulivyo, tuliipokea kila mara kwa sheria ya ile iliyoitangulia. Mkono uliozoea betri ya jana ndio ulioishika betri ya leo. Hasara iliyotokana na hayo mara nyingine ilikuwa fedha kidogo tu, na mara nyingine ilikuwa maisha ya watu.

Nakuru inastahili kutajwa kwanza katika habari hii. Mji huo ulizaliwa na reli: njia ya gari la moshi iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwaka 1900, na maduka, maghala na mitaa ya wafanyakazi ikafuata. Mwaka 1967 kampuni ya Kimarekani ya Union Carbide ilianzisha kiwanda cha betri za Eveready katika mji huo. Kwa muda wa miaka 40 na zaidi, betri kubwa za tochi na redio zilitoka Nakuru zikaenda katika maduka ya vijijini, zikiwa na alama ya paka arukaye ambayo kila mtoto aliijua hata kabla hajajua kusoma. Mwaka 2006 hisa za kampuni ziliuzwa kwa watu wote katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Wenyewe walilalamika juu ya betri za bei ya chini kutoka nchi za nje. Nami naongeza kwamba wakati huo tochi ilikuwa imekwisha kuhamia ndani ya simu, na redio imeifuata.

Betri zile za Nakuru zilikuwa za namna inayoitwa betri kavu. Ganda lake la ndani ni la zinki; katikati husimama kijiti cheusi cha kaboni; na baina ya hivyo viwili umeshindiliwa unga mweusi wenye manganizi, uliolowana kwa dawa ya chumvi. Betri ifanyapo kazi, zinki huliwa polepole. Ikisha kuliwa, hairudi. Hiyo ndiyo sababu betri kavu huweza kutumika mara moja tu, na ndiyo sababu betri ya zamani iliyosahauliwa ndani ya tochi hutoboka na kuvuja majimaji yanayokula vyuma. Mwenye tochi alipata hasara, lakini hakuumia. Hata mwenye kuianika juani, au kuiuma, hakupatwa na dhara kubwa. Betri kavu ilikuwa mnyama mpole sana.

Ilipokufa kabisa ilitupwa, na hapo watoto waliipokea. Waliigonga kwa jiwe, wakakitoa kile kijiti cheusi wakakitumia kuandika ukutani; na katika shule nyingi unga wake ulichanganywa na makaa ya kusaga, ukapakwa juu ya ubao ili uwe mweusi kwa chaki. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba betri kavu iliwafundisha watu wa nchi hizi mambo matatu: itumie mpaka ife kabisa, ikizimia, ianike, ikifa, ivunje upate vilivyomo. Yaweke mambo hayo matatu moyoni, kwa maana tutakutana nayo tena.

Sasa kulikuwa na betri nyingine, yenye umri mkubwa kuliko betri kavu, ambayo iliweza kufa na kufufuka. Mwaka 1859 Mfaransa mmoja, Gaston Planté, alichukua mabamba mawili ya madini ya risasi, akayatenga kwa kitambaa, akayakunja pamoja na kuyatia ndani ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa maji. Alipopitisha umeme ndani yake, mabamba yaliuhifadhi; na baadaye yalipounganishwa kwa waya, yaliurudisha. Watu walikuwa wamekwisha kuijua betri tangu Mwitaliano Alessandro Volta alipoitengeneza mwaka 1800, lakini hii ya Planté ndiyo ya kwanza iliyofaa kujazwa tena na tena. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, aliyapaka mabamba uji mzito wa dawa ya risasi, na nguvu yake ikazidi sana. Ukifungua boneti ya matatu iendayo Naivasha leo, utaikuta humo betri ya Planté na Faure, imebadilika umbo tu.

Katika mashamba ya Bonde la Ufa, mahali pasipokuwa na nyaya za umeme, betri hii ilitumika kwanza katika magari na katika redio za zamani za vali, ambazo zilikuwa zikila umeme kama ng'ombe mwenye ndama alavyo majani. Lakini enzi yake kuu katika nyumba za watu wa kawaida ilikuja na televisheni. Pengine wazazi wako wanakumbuka: katika kijiji kizima televisheni ilikuwa moja, ya picha nyeupe na nyeusi, nayo iliendeshwa kwa betri ya gari. Siku ya mechi kubwa, betri ilifungwa juu ya baiskeli au mkokoteni tangu asubuhi, ikapelekwa mjini kwa fundi wa kuchaji. Nyuma ya baiskeli suruali ilitoboka matundu madogo madogo, na mama aliyefua hakujua sababu mpaka alipoambiwa kwamba ni maji ya betri. Jioni betri ilirudi, watu wakajaa sebuleni na madirishani. Na dakika ya 80, timu ikiwa inashambulia, picha ilianza kunywea kutoka pembeni, ikawa ndogo, ndogo, kisha giza.

Hapo ndipo lile fundisho la kwanza la betri kavu lilipoharibu mambo. Betri ya redio iliachwa ife kabisa, na hakuna aliyeona kosa. Betri ya risasi nayo iliachwa ife kabisa, kisha ikawekwa pembeni ya nyumba wiki mbili, tatu, mpaka fedha ya kuchaji ipatikane. Na baada ya miezi michache mwenyewe alilalamika kwamba ameuziwa betri mbovu.

Tazama yaliyotokea ndani yake. Betri ya gari ina vyumba sita, na kila chumba hutoa kama volti 2, jumla volti 12. Katika kila chumba mna mabamba ya namna mbili ndani ya asidi. Betri itoapo umeme, asidi huingia katika mabamba na kuyafunika kwa chumvi nyeupe iitwayo salfeti ya risasi, na yale majimaji hubaki mepesi, karibu na maji matupu. Uirudishiapo umeme, ile chumvi huyeyuka, asidi hurudi mahali pake, na mabamba huwa safi. Lakini chumvi hiyo haina subira. Ikiachwa muda mrefu bila kuondolewa, hukomaa ikawa fuwele ngumu, kama ukoko ulioganda chini ya sufuria, na umeme hauwezi tena kuing'oa. Sehemu hiyo ya bamba imekufa. Betri ya risasi, kwa hiyo, yapenda kukaa imejaa. Ukiitumia leo, irudishie leo au kesho. Hata ile isiyotumika hupungua yenyewe, na hapana budi kuichaji mara kwa mara.

Kuna tofauti moja ambayo imewagharimu watu wengi, hasa tangu vioo vya sola vilipoanza kuenea vijijini katika miaka ya 1980. Betri ya gari imetengenezwa kwa mabamba membamba na mengi, ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu ijazwe papo hapo na gari lenyewe. Haikutengenezwa kuwasha taa usiku kucha. Betri ya sola ina mabamba manene, nayo huvumilia kupungua sana kila siku. Mtu akinunua ya gari kwa kuwa ni rahisi, akaitumia kazi ya sola, amemchukua mkimbiaji wa mita 100 akampa gunia la viazi alibebe kutoka Molo mpaka Nakuru.

Yafaa ujue pia namna ya kuichaji, kwa kuwa siku moja huenda ukaachiwa kazi hiyo. Ukipima betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika, kipimo kitaonyesha kama 12.6 au zaidi kidogo; kikionyesha 12 au pungufu, betri ni karibu tupu. Mafundi wengine hutumia kile chombo cha kioo chenye mpira juu, kinachofyonza maji ya betri na kupima uzito wake: katika betri nyingi maji yenye kipimo cha 1.26 mpaka 1.28 ni ya betri iliyojaa, na yakishuka karibu na 1.15 nguvu zimekwisha. Betri ikaribiapo kujaa huanza kutokota. Si moto unaoitokosa. Ni umeme unaoyapasua maji yakawa gesi mbili, oksijeni na haidrojeni. Na haidrojeni, ikifika sehemu 4 tu katika kila 100 za hewa, huweza kulipuka kwa cheche ndogo.

Basi fikiri juu ya chumba kidogo kilichofungwa madirisha kwa sababu ya vumbi la Nakuru, ndani yake betri tatu zinachajiwa, na pembeni jiko la makaa au mtu na sigara yake. Mlipuko wa betri huo hauvunji nyumba, lakini hurusha vipande vya plastiki na asidi usoni mwa aliye karibu, nayo macho hayana mbadala. Kwa hiyo fungua madirisha, ondoa moto wote, unganisha waya za chaja kabla hujaiwasha, na izime kabla hujazitoa, ili cheche isitokee juu ya betri. Maji yakipungua, ongeza maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, wala si ya mfereji wala ya kisima, maana chumvi zake huharibu mabamba. Usiongeze asidi: kinachopotea kwa kutokota ni maji, asidi imebaki. Na fundi atengenezapo asidi mpya humimina asidi ndani ya maji polepole. Akigeuza, akamimina maji ndani ya asidi, huchemka ghafula na kumrukia. Ikikugusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi, kwa muda mrefu, kisha nenda kwa daktari.

Nitapita upesi juu ya betri za nikeli na kadimiamu, alizobuni Mswidi Waldemar Jungner mwaka 1899. Zilitumika katika redio za mawasiliano na katika baadhi ya simu za mkononi za kwanza. Betri hizo zilikuwa na tabia ya ajabu: zikichajiwa daima zikiwa zimetumika nusu tu, huweza kufanya kana kwamba zimesahau ile nusu nyingine. Kwa hiyo watu walishauriwa wazimalize kabisa mara kwa mara. Ushauri huo ulikuwa wa haki kwa betri hizo. Bahati mbaya ushauri haufi pamoja na kitu ulichokihusu.

Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za namna mpya kabisa, za lithiamu. Kazi ya miaka mingi ilikuwa nyuma yake, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa ajili yake. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 wakati huo, na hapana aliyepata kuipokea tuzo hiyo akiwa mzee kuliko yeye. Lithiamu ni madini mepesi kuliko madini yote. Betri yake ndogo kama biskuti huhifadhi umeme mwingi kuliko betri ya risasi ya uzito uo huo mara kadhaa. Simu za mkononi zilipoenea Kenya tangu mwaka 2000, na hasa baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, mtu hakuweza tena kuiacha simu ife, kwani fedha zake zilikuwa humo. Katika kila soko vikazaliwa vibanda vya kuchaji, simu 20 na 30 zimelala juu ya ubao mmoja, kila moja na karatasi ya namba, kwa shilingi 10 au 20.

Na hapo wale wageni wa zamani walirudi wote. Muuza duka alimwambia mteja, "Simu mpya ichaji saa nane kabla ya kuiwasha." Rafiki alimshauri, "Iache izime kabisa ndipo uichaji." Yalikuwa maneno ya betri za nikeli, yakisemwa juu ya lithiamu, ambayo haina haja nayo. Betri ya lithiamu haipendi kukaa tupu, wala haipendi kukaa imejaa pomoni kwa siku nyingi. Imestarehe zaidi ikiwa katikati, na kuichaji kidogo kidogo hakuidhuru. Ukitaka kuiweka kabatini miezi kadhaa, iache ikiwa na nusu.

Kisha lilikuja jua. Simu ikianguka katika beseni la maji, mtu hufanya nini? Huifungua, akaianika juani, kama babu yake alivyofanya. Au huiacha juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa. Jua lile lile lililoikamua betri kavu matone yake ya mwisho, kwa lithiamu ni adui mkubwa. Joto huichakaza haraka, na likizidi, hasa kama betri imeumia au imechajiwa kupita kiasi, kemikali zilizo ndani huanza kutoa joto zenyewe; joto hilo huharakisha kazi, na kazi huzidisha joto, mpaka betri inafuka moshi na kuwaka kwa ghafula. Hata kuuma kulirudi: mwaka 2018 ilionekana picha ya kamera ya duka moja nchini China, mtu anaijaribu betri ya simu kwa meno, nayo ikawaka mbele ya uso wake.

Usidhani kwamba makosa haya ni ya watu wasiosoma. Mwezi wa Januari mwaka 2013 ndege mpya kuliko zote, Boeing 787, zilizuiwa kuruka duniani kote, kwa kuwa betri ya lithiamu ya moja ilishika moto mjini Boston, na ya nyingine ikatoa moshi angani huko Japani, katika mwezi huo mmoja. Kwa miezi mitatu ndege hizo zilikaa chini. Ile ya kwanza kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Shirika la Ndege la Ethiopia, na safari yake, tarehe 27 Aprili 2013, ilikuwa kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Wahandisi walikuwa wamefanya nini? Waliifunga betri ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Walizitenga seli kwa vizuizi vya joto na umeme ili moja ikiwaka isiiwashe ya pili. Tena walipunguza kiwango cha juu cha kuichaji, na wakapandisha kiwango cha chini ambacho hairuhusiwi kukipita. Yaani waliikataza isijae mno wala isipungue mno. Na jambo hilo la mwisho waweza kulifanya wewe kwa simu yako bila sanduku la chuma, kwa kuichomoa ifikapo kama 80 katika 100 na kuichaji kabla haijashuka chini ya 20. Si lazima kila siku, lakini aifanyaye hivyo aghalabu betri yake hudumu zaidi.

Mengine ni ya uangalifu wa kawaida. Tumia chaja iliyotengenezwa kwa kifaa hicho. Chaja za bandia mara nyingi hukosa vile vipimo vya ndani vinavyozuia umeme usipite kiasi. Weka simu juu ya kitu kigumu wakati wa kuichaji, si chini ya mto wala ndani ya blanketi, mahali ambapo joto halina njia ya kutokea. Betri ikivimba, hata kidogo, imekwisha; usiibonyeze irudi, usiitoboe ili hewa itoke, wala usiichaji tena. Ile hewa ni gesi inayowaka.

Jambo hili lazidi kuwa kubwa kwa sababu betri zenyewe zazidi kuwa kubwa. Katika barabara za Kenya sasa zimeanza kuonekana pikipiki za umeme, na betri moja ya pikipiki ni sawa na betri za simu zaidi ya 100 zilizofungwa pamoja. Kampuni nyingi zina vituo ambapo mwendeshaji huacha betri tupu akachukua iliyojaa, na huo ni utaratibu wa busara, kwani betri huchajiwa mahali penye vipimo na waangalizi. Lakini yawezekana siku ikaja ambapo betri kuukuu, iliyorekebishwa kichochoroni, itachajiwa usiku ndani ya chumba kimoja wanamolala watu watano, nayo imewekwa mlangoni kwa kuwa ndipo penye soketi. Mjini New York, mwaka 2023 peke yake, watu 18 walikufa kwa mioto iliyotokana na betri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na vipikipiki vya umeme. Kama ni lazima betri kubwa ichajiwe nyumbani, isikae baina ya kitanda na mlango, wala isichajiwe watu wamelala.

Limebaki fundisho la tatu, lile la kuvunja, nalo ndilo lililokuwa na matokeo mazito kupita yote. Betri ya risasi haiozi. Karibu risasi yote iliyomo ndani yake yaweza kuyeyushwa na kutengenezewa betri mpya, na kwa hiyo betri kuukuu ina bei. Kazi hiyo ikifanywa katika kiwanda chenye vichujio, ni kazi njema. Lakini huko Mombasa, karibu na mtaa wa Owino Uhuru, kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, ambacho moshi wake na maji yake machafu viliingia katika nyumba za watu. Mfanyakazi mmoja, Bi Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga akiugua ugonjwa usioeleweka. Damu ilipopimwa, ikakutwa na risasi. Sumu hiyo haina harufu, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto ungali unakua: mtoto huchelewa kusema, hushindwa masomo, naye hajui alinyang'anywa nini. Bi Omido aliacha kazi, akawakusanya wakazi, akakamatwa na polisi, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Rufani ilikatwa, Mahakama ya Rufani ikautangua uamuzi wa kulipwa fedha hizo mwaka 2023, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Sumu iyo hiyo imo katika kila betri ya gari inayopasuliwa kwa nyundo nyuma ya gereji. Mwenye kununua vyuma vikuukuu humwaga asidi mtaroni ili apate chuma kikavu, na pamoja na asidi hiyo huenda unga wa risasi, ambao mvua ya Aprili huusomba kuupeleka mahali watoto wanapochezea. Betri ya risasi iliyokufa yapasa kuuzwa nzima, na maji yake ndani, kwa duka linaloipokea unaponunua mpya. Maduka mengi hupunguza bei kwa ajili yake. Ya simu nayo isitupwe katika jalala linalochomwa moto. Ifungwe ncha zake kwa utepe wa plastiki, iwekwe ndani ya mkebe wenye mchanga mkavu, ipelekwe kwa fundi au duka linalokusanya.

Na yule mzee wa Bondeni, kama baada ya mazungumzo yenu atakutolea mfukoni simu ndogo ambayo kifuniko chake cha nyuma kimeanza kuinuka, akakuuliza kama saa hii jua linatosha, mwombe kwa adabu akukabidhi, kisha utafute huo mkebe wa mchanga.